Akiba ni ya Mwenzio

Mwana maji wa Kwale, kufa maji mazoea. Methali hii inajulikana pwani nzima, na wapo wanaoitamka kwa kujigamba, kana kwamba inasifu ushujaa wetu. Mji wa Kwale wenyewe umekaa juu ya vilima vya Shimba, mbali na mawimbi, na kisiwa kiitwacho Kwale kiko Tanzania. Hata hivyo sisi wa Gazi, Msambweni na Shimoni tumeipokea methali hii kama yetu. Babu yangu aliisoma kama onyo. "Mjukuu wangu," alikuwa akiniambia, "kinachoua ni mazoea."

Ndiyo maana desturi ya mabaharia wetu imejengwa juu ya akiba. Tanga likiwepo, kasia nalo huwepo. Kamba ya nanga huwa na ya pili, na upo wa kufulia maji hausahauliki. Maji ya kunywa huzidi mahitaji ya safari, kwa kuwa upepo unaweza kufa ukiwa nje ya mwamba. Mzamiaji wa pweza hatoki peke yake: mmoja akiwa chini, mwenziwe hubaki mtumbwini, jicho haliondoki pale alipozama. Hata mgao wa samaki hufuata mwendo huo. Kitoweo cha nyumbani hutengwa, na chombo nacho hupata fungu lake, ili tanga likichanika pesa ya kulishona iwepo. Kwa Wadigo, wazee walitoa sadaka kwenye mizimu ya bahari, na sadaka nayo ilikumbusha kuwa bahari haichukuliwi yote.

Leo vijana wetu huzama Diani na Kisite wakiwa na mitungi ya hewa mgongoni, hasa wakati wa kaskazi, maji yanapotakata. Bahari yetu ni vuguvugu, nyuzi 25 hadi 29 hivi. Huko Norwei, mzamiaji huingia katika maji yanayokaribia kuganda. Hewa ikitoka kwenye mtungi wenye shinikizo kubwa hupoa ghafla. Unyevu ukiganda, valvu ya kifaa cha kupumulia hukwama ikiwa wazi, na mtungi huisha kwa dakika chache. Kwa hiyo wazamiaji wa kule hubeba vifaa viwili vya kupumulia, kila kimoja na valvu yake, na wanaokwenda kina kirefu huongeza mtungi wa pili uliojitenga kabisa na wa kwanza.

Baridi hatuna, lakini kina tunacho, na kina kina hesabu yake. Kila mita 10 huongeza shinikizo sawa na lile la hewa iliyo juu ya maji. Anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji, kwenye mita 30 hutumia 80. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi shinikizo la bari 200 una lita 2,400, na anayegawanya haraka haraka huona ana nusu saa nzima ya kukaa chini. Hapo ndipo mazoea huua. Chukulia mwenziwe ameishiwa. Sasa wawili wanavuta mtungi mmoja, tena kwa hofu, lita 30 kila mmoja kwa dakika. Wanahitaji dakika moja ya kutulia, dakika tatu na nusu za kupanda polepole, kisha dakika tatu za kusimama kwenye mita 5 ili mwili utoe gesi ulizofyonza. Jumla ni zaidi ya lita 1,000. Basi sindano ya kipimo inapokaribia bari 90, safari imekwisha, hata kama matumbawe bado yanapendeza.

Nilipofundishwa hesabu hiyo nilimkumbuka babu. Ile hewa inayobaki mtungini, mzamiaji amemchukulia mwenziwe, kama vile maji ya ziada chomboni yanavyoweza kumfaa mvuvi mwingine aliyekutwa akielea bila upepo. Kijana anayerudi juu na mtungi mtupu akijisifu kuwa ameona mengi, kwa mila zetu amekula kitoweo cha watu. Na anayerudi na bari zake mkononi, hata kama hakuna aliyezihitaji siku hiyo, ametimiza wajibu wake, kama yule aliyeketi mtumbwini bila kuondoa macho majini.