Polisi akiumia kazini: uliza kwanza aliingia mwaka gani

Askari polisi akiumia kazini, sisi wote tunaulizaka: serikali itamulipa ngapi? Kwangu, swali la kwanza ni: aliandikwa kazini lini? Ninachukua mfano wa New South Wales, jimbo la Australia lenye mji wa Sydney, kwa sababu kule hesabu iko wazi.

Tuseme mapolisi wawili wamevunjika mgongo siku moja, ndani ya gari moja. Wa kwanza aliingia mbele ya tarehe 1 Aprili 1988. Yeye iko chini ya sheria ya 1906. Ikihakikishwa kwamba hawezi tena kazi ya polisi, anapata pensheni ya 72.75% ya mshahara. Kama hata kazi za uraiani zimemushinda, inaweza kupanda mpaka 85%. Na kama aliumia katika hatari ya pekee, inaweza kufika 100%.

Wa pili aliingia nyuma ya tarehe ile. Alikuta mlango wa mfuko ule umefungwa! Watu kama yeye waliteteza pengo hilo, mpaka 2005 wakapata «award» yao. Usidanganyike na kamusi: hapa si zawadi. Ni uamuzi wa tume ya kazi unaopanga mishahara na masharti, na mwajiri analazimika kuufuata. Award ile iliwapa pesa ya mara moja kwa kifo au kilema cha kudumu, hata cha sehemu tu. Vidonda vya akili vilihesabiwa pia.

Gharama ikapanda. Mwaka 2011 serikali ya O'Farrell ikaleta sheria mpya, mapolisi wakaandamana mbele ya bunge, lakini ikapita. Kwa kilema cha sehemu, pesa ile ikaondoka. Ikaingia asiransi yenye kulipa sehemu ya mshahara kwa muda wenye kuhesabiwa, ili mutu arudi kazini. Kwa mguu uliovunjika, naelewa. Kwa mutu anayetetemeka akisikia tu king'ora, mimi naona ni hesabu ya pesa, si dawa.

Kitu kimoja hawakumunyang'anya: mwaka 2012 jimbo lilipopunguza fidia ya wafanyakazi, mapolisi waliachwa nje ya makato yale, pamoja na wazima moto na watu wa ambulansi.