Wanaomsifu Idi Amin husahau alipigana na Mau Mau

KILA mjadala kuhusu marais wa Afrika unapozuka, hata katika soko la Kagio, Kaunti ya Kirinyaga, jina la Idi Amin Dada halikosi mtetezi. Hoja huwa ile ile: aliwafukuza Waasia mwaka 1972, na akawakejeli Waingereza hadi kujiita Mshindi wa Milki yao.

Watetezi hao husahau alikotokea. Amin alijiunga na jeshi la mkoloni, King's African Rifles, mwaka 1946 akiwa msaidizi wa mpishi. Majigambo kwamba alipigana Burma hayana msingi, kwani Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimemalizika mwaka uliotangulia. Vita alivyopigana kwa hakika ni vya papa hapa Kenya, dhidi ya Mau Mau, baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Katika utumishi huo ndipo alipoanza kupandishwa vyeo.

Haya si mambo ya mbali kwa mkazi wa Kagio. Nyanda jirani za Mwea zilikuwa na kambi za kizuizini, zikiwemo Kandongu, Thiba na Gathigiriri, na mitaro ya kunyunyizia mpunga ilianza kuchimbwa na mahabusu. Huyu anayeitwa adui wa mkoloni alikuwa, wakati huo, upande wa wenye bunduki.

Kuhusu Waasia, maduka yao yaliishia mikononi mwa wanajeshi na wandani wake, na bidhaa zikaadimika. Mkulima wa kahawa wa Kirinyaga anaweza kupima mwenyewe hali ilivyokuwa: kahawa ya Uganda ilipitishwa kwa magendo hadi Chepkube, mpakani, kutafuta bei.

Mapema 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya Kenya. Oktoba 1978 majeshi yake yalivamia Kagera, Tanzania. Mwalimu Nyerere alijibu kwa vita, na Kampala ikatekwa Aprili 11, 1979. Makadirio ya waliouawa katika utawala wake hufikia 300,000. Yeye alitorokea Libya, kisha Saudi Arabia, akafia Jeddah Agosti 16, 2003 bila kufikishwa mahakamani.

Miaka kumi baadaye, Juni 2013, Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari.