Damu Kwenye Mkojo: Ikikoma Bila Maumivu, Bado Nenda Upimwe

Mchuma chai anaamka alfajiri, anakwenda haja ndogo na kuona mkojo una rangi ya chai ya strungi. Hana maumivu yoyote. Siku mbili baadaye mkojo unarudi rangi yake ya kawaida, naye anasahau. Kusahau huko kunaweza kumgharimu maisha.

Damu kwenye mkojo isiyoambatana na maumivu ndiyo dalili kuu ya mapema ya saratani ya kibofu cha mkojo. Pia inaweza kutokana na saratani ya figo. Uvimbe huvuja damu, kisha ukaacha kwa wiki au miezi huku ukiendelea kukua. Kukoma kwa damu si kupona.

Si kila damu ni saratani. Maambukizi na mawe ya figo pia husababisha damu, na vilevile kichocho, ambacho huwapata zaidi watu wa Pwani. Kinachotenganisha magonjwa haya ni vipimo, si kukisia.

Mkojo wenyewe una habari nyingi. Hutengenezwa kwenye figo, hukaa kibofuni na, kwa wanaume, hupita katikati ya tezi dume. Njiani huzoa seli zilizobanduka, protini na vinasaba. Seli za saratani huwa na kasoro katika vinasaba vyake, na kasoro hizo huitwa viashiria. Maabara za kisasa huzitafuta kwenye mkojo.

Kipimo kimoja huchunguza kromosomu nambari 3, 7, 9 na 17 katika seli zilizotoka kibofuni. Kingine, PCA3, huchunguza jeni inayofanya kazi kupita kiasi katika saratani ya tezi dume. Kiliidhinishwa Marekani mwaka 2012 ili kumsaidia daktari kuamua kama mwanamume aliyewahi kukatwa kinyama, na saratani isionekane, anahitaji kukatwa tena. Kwa saratani ya figo, utafiti bado unaendelea.

Viashiria pia husaidia baada ya matibabu. Saratani ya kibofu hurudi mara nyingi, kwa hivyo mgonjwa huchunguzwa kwa miaka kadhaa kwa kamera nyembamba inayopitishwa kwenye njia ya mkojo. Kipimo cha mkojo humwongezea daktari habari, lakini hakichukui nafasi ya kamera. Kinaweza kukosa uvimbe mdogo, au kuonyesha hatari pale ambapo hakuna saratani.

Vipimo hivi bado si huduma ya kawaida katika hospitali za kaunti. Hata hivyo, hatua ya kwanza haihitaji mashine kubwa. Kipimo cha kawaida cha mkojo huonyesha hata damu isiyoonekana kwa macho. Yakipatikana maambukizi, hutibiwa, kisha mkojo upimwe tena. Damu ikibaki au ikirudi, mgonjwa anafaa kupewa rufaa, iwe ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho, Longisa au Tenwek, ili daktari aamue uchunguzi unaofuata.

Wanawake pia wako hatarini. Damu yao mara nyingi hudhaniwa kuwa hedhi au maambukizi, na dawa zilezile hurudiwa bila mkojo kupimwa tena. Anayevuta sigara asingoje hata kidogo, kwa kuwa tumbaku ndiyo chanzo kikuu cha saratani ya kibofu.

Mkazi aliyeona damu, hata mara moja tu, anashauriwa kufika katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au kuzungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake. Amweleze mhudumu mambo manne: damu ilionekana lini, ilionekana mara ngapi, kama anavuta au aliwahi kuvuta sigara, na kama aliwahi kuishi Pwani. Maelezo hayo hutolewa faraghani, na ndiyo yanayomwonyesha mhudumu pa kuanzia.