Likizo Kasulu na Kibondo: Desemba huharibu safari

Mwajiriwa nchini ana haki ya likizo ya mwaka isiyopungua siku 28, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Wakazi wengi wa Dar es Salaam huzitumia siku hizo mwezi Desemba, shule zinapofungwa na sikukuu zinapokaribia. Kwa anayekwenda Kasulu au Kibondo kuwasalimu wazee tu, hilo halina ubaya. Kwa anayetaka pia kuona mito, ndege na wanyama wa nyanda hizo za Mkoa wa Kigoma, Desemba ni mwezi wa hasara.

Sababu ni mvua, ambazo huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili, pengine Mei. Mashariki ya Kibondo liko Pori la Akiba la Moyowosi, sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Mito ikijaa, maji hutapakaa tambarare nzima na udongo mweusi wa mbuga hunasa hata magari imara. Wanyama nao hutawanyika, kwa kuwa maji ya kunywa yako kila mahali. Kuanzia mwishoni mwa Juni mambo hugeuka: maji hurejea mitoni na katika maziwa madogo ya Sagara na Nyamagoma, na viumbe huyafuata huko.

Watalii wa mataifa mengine wameizoea hesabu hii. Wacheza gofu kutoka Ulaya waendao jangwani Dubai, ambako uwanja wa nyasi wa Emirates Golf Club ulifunguliwa mwaka 1988, husafiri zaidi kati ya Novemba na Machi ili kukwepa joto kali. Kigoma si jangwa na hakuna anayekwenda huko na fimbo za gofu, lakini kanuni ni ile ile: majira huchaguliwa kwanza, tiketi hufuata.

Familia yenye watoto shuleni ina nafasi moja nzuri, nayo ni likizo ya katikati ya mwaka, hasa siku zake za mwisho. Asiyefungwa na shule achague Julai au Agosti. Septemba bado ni kukavu, ila vumbi na moshi wa mioto ya porini huficha mandhari.

Barabara ya kutoka Nyakanazi kupitia Kibondo hadi Kasulu iliogopwa sana katika miaka ya 1990 na 2000, si kwa mashimo tu bali kwa majambazi waliofanya mabasi yasindikizwe na polisi wenye silaha. Ujenzi wa lami wa miaka ya karibuni umeigeuza safari hiyo kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, abiria wa basi kutoka Dar es Salaam atenge siku mbili za kwenda na mbili za kurudi. Anayefika Kigoma mjini kwa ndege, au kwa Reli ya Kati iliyofika huko mwaka 1914, hubakiwa na takriban kilomita 100 hadi Kasulu.

Jambo linalowakwamisha wengi ni vibali. Moyowosi si hifadhi ya taifa ambako mgeni hulipa getini na kuingia. Ni pori la akiba lenye vitalu vya uwindaji, na kuingia bila kibali ni kosa la jinai. Maombi yapelekwe mapema kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, nayo haiingiliki bila ruhusa ya serikali, wala haifai kufanywa kivutio.

Asiyepata kibali hakosi pa kwenda. Heru Juu, karibu na Kasulu, ilikuwa makao ya Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyewatawala Waha wa Heru kabla ya Uhuru. Usiku wa Julai huko una baridi, hivyo sweta ni ya lazima. Kwa waendao porini, nguo za bluu na nyeusi ziachwe nyumbani, kwani rangi hizo huvutia mbung'o.