Muziki Bila Kiingilio

Jioni ya tarehe 21 Juni, tukiwa ugenini Paris, tulitoka hotelini kununua mkate tu. Tukarudi usiku wa manane. Kila pembe ya mtaa ilikuwa na muziki: huku wazee wa tarumbeta, kule vijana wenye magitaa, wala hapakuwa na bawabu. Ndiyo desturi ya Ufaransa tangu 1982, Jack Lang alipokuwa Waziri wa Utamaduni: siku hiyo wapigaji hujitolea na wasikilizaji hawatozwi. Sisi, ambao posho yetu isingetufikisha ukumbini, tulisimama bega kwa bega na wenye suti. (Mkate tuligawana na mpiga ngoma.) Kwetu, asiye na kiingilio husikilizia nje ya ukuta. Viwanja tunavyo, wapigaji tunao. Halmashauri zetu zangoja nini?