Rangi Izamayo Ndani ya Plastiki

Nchini Marekani upo mchezo uitwao gofu ya visahani. Badala ya kupiga mpira kwa fimbo, mchezaji hurusha kisahani cha plastiki mpaka kitue ndani ya kikapu chenye minyororo. Chama cha wachezaji, PDGA, kiliundwa mwaka 1976. Baadhi ya wachezaji hao hununua visahani vyeupe na kuvitia rangi wenyewe nyumbani. Kanuni za mchezo huruhusu rangi iliyozama ndani ya plastiki, lakini hukataza rangi ya kupaka, kwa kuwa hiyo huongeza unene unaohisika kwa kidole.

Je, rangi huzamaje ndani ya kitu kisichonywa maji?

Tuanze na jambo tulijualo. Msusi wa mikeka huchemsha ukindu pamoja na rangi ya unga. Ukindu hunywa maji, na maji huingia na rangi iliyoyeyuka ndani yake. Plastiki hukataa maji. Basi rangi hiyo hiyo ikimiminwa juu ya kisahani, huoshwa ikaondoka.

Katika miaka ya 1920 wanakemia wa Uingereza walikabiliwa na tatizo la namna hii, walipotaka kutia rangi nyuzi mpya za asetati. Walitengeneza rangi zisizopenda maji, ambazo hutawanyika ndani ya maji kama vumbi laini badala ya kuyeyuka kabisa. Leo rangi za jamii hii hutumika kwa nguo za poliesta, na ndizo zifaazo kwa visahani.

Plastiki imejengwa kwa molekuli ndefu zilizosokotana kama nyuzi. Joto likizidi, nyuzi hizo hutikisika zaidi na nafasi baina yao hupanuka. Molekuli ndogo za rangi, ambazo hupenda plastiki kuliko maji, hupenya humo. Kisahani kikipoa, nafasi hupungua na rangi hunaswa. Visahani vya poliuretani hukoza vizuri. Plastiki ya jamii ya polietilini hukubali rangi hizi kwa shida.

Njia zitumikazo sana ni mbili. Ya kwanza ni kuchovya. Kisahani hubandikwa karatasi ya vinili yenye kunata, mchoro hukatwa kwa wembe, na sehemu zitakiwazo hubanduliwa. Kisha huwekwa kwa dakika chache katika maji ya rangi yenye nyuzi 60 hadi 70 za Sentigredi. Kama rangi ni nyingi, huanzwa na ile iliyokoza zaidi, kwani sehemu iliyofunuliwa kwanza hupokea pia kila rangi inayofuata.

Njia ya pili haihitaji moto. Matone ya rangi hutiwa juu ya povu la kunyolea, huchorwa kwa kijiti, na kisahani hulazwa kifudifudi juu yake kwa muda wa saa 24 hivi. Hapa muda hufanya kazi ya joto: rangi hupenya polepole.

Hapana budi kutaja hatari. Baadhi ya watu huongeza asetoni ili plastiki ivimbe kidogo na rangi iingie upesi. Asetoni huchemka kwenye nyuzi 56, yaani chini ya joto la maji hayo ya kuchovyea, na mvuke wake hushika moto kwa urahisi mno. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini hadi kuufikia moto ulio mbali. Asetoni isiwekwe kamwe karibu na jiko linalowaka.

Nilipokuwa nikisoma ng'ambo, nami nilijaribu kazi hii katika jiko la bweni, kwa sufuria tuliyoshiriki. Nilichemsha maji kupita kiasi. Rangi ilikoza vyema, lakini ukingo wa kisahani ulipinda na hakikuruka sawa tena. Hasara hiyo ilikuwa ndogo. Kosa kubwa lilikuwa kuisugua sufuria pamoja na mwiko wake wa plastiki na kuvirudisha rafuni, nikaamini kwamba vimetakata. Mwiko ulibaki na weko la buluu, na wenzangu waliendelea kuupikia.

Siku hizo sikuunganisha mambo mawili niliyoyajua. Mwiko ulikuwa umeinywa rangi kwa sababu ile ile iliyokifanya kisahani kuinywa, na kilichozama hakitoki kwa sabuni. Baadhi ya rangi hizi zinajulikana kuleta mzio wa ngozi, wala hazikutengenezwa ziliwe. Kwa hiyo, atakaye kujaribu atenge sufuria, mwiko na glavu visivyorudi jikoni kamwe, na afanye kazi mahali penye hewa ya kutosha. Sifa tunayoitafuta katika kisahani, yaani rangi kutotoka, ndiyo sababu ya kuiogopa katika chombo cha chakula.