Rekodi ya Zamani katika Mfumo Mpya: Upatanifu wa Kurudi Nyuma na Uhakiki wa Wakimbizi Wilayani Isingiro, 2018

Programu inapotolewa katika toleo jipya, inatarajiwa iendelee kufanya kazi na yale yaliyoandikwa kwa toleo lililotangulia. Sifa hiyo ndiyo upatanifu wa kurudi nyuma. Katika zana za kupima utendaji wa msimbo, kukosekana kwake huwagharimu wahandisi muda: toleo la 3.12 la lugha ya Python, lililotoka mwaka 2023, lilibadilisha namna vipimaji vinavyojisajili, na vipimaji viwili ambavyo awali viliwashwa pamoja bila malalamiko vikaanza kukataana. Wenye zana walirekebisha, kazi ikaendelea. Katika mfumo unaoandikisha watu, hitilafu ya aina hiyo humwangukia mwenye rekodi.

Machi 2018, Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) zilianza kuwahakiki wakimbizi nchini kote, kufuatia tuhuma kwamba hesabu yao ilikuwa imetiwa chumvi. Isingiro, wilaya yenye makazi ya Oruchinga na Nakivale, ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Usajili ulihama kutoka mfumo wa serikali, RIMS, kwenda proGres toleo la 4 la UNHCR, ukiambatana na BIMS, mfumo unaochukua alama za vidole kumi na mboni za macho. Uhakiki ulipomalizika Oktoba, watu wapatao milioni 1.1 walikuwa wamethibitishwa, dhidi ya takriban milioni 1.4 waliokuwa katika hesabu ya awali.

Ni rahisi kuiita tofauti hiyo yote wakimbizi hewa. Lakini mtu huweza kukosekana kwa kuwa amerejea kwao, amehamia mjini, au hakufika siku yake. Huweza pia kufika na bado asilingane na rekodi yake. Nakivale, iliyoanzishwa mwaka 1958, ina Wakongomani, Warundi, Wasomali na Wanyarwanda. Msomali hujitambulisha kwa jina lake, la baba na la babu. Fomu inayodai jina la ukoo humlazimisha karani kuchagua, na karani wa pili huenda akachagua vingine. Asiyejua tarehe ya kuzaliwa huandikiwa Januari 1. Rekodi ya namna hiyo si ya uongo, ila mashine inayolinganisha herufi kwa herufi haitaitambua.

Marekebisho ya kiufundi si magumu. Namba ya zamani ihifadhiwe kando ya mpya, isifutwe. Majina yalinganishwe kwa matamshi pia. Muhimu kuliko yote, mfumo utofautishe sehemu iliyo tupu kwa sababu taarifa haikuwahi kuulizwa na ile iliyo tupu kwa sababu mtu hana cha kujibu. Mifumo mingi huzichanganya hali hizi mbili, na hapo ndipo mashaka yasiyo na msingi huzaliwa.

Kwa washauri wa sera, suala ni nani anayeamua pale mashine inaposhindwa. Karani wa Nakivale akiwa na ruhusa ya kufungua rekodi ya zamani, shauri huisha mezani pake. Asipokuwa nayo, mhusika hupanda gari kwenda Mbarara kwa nauli yake, huku mgao wa chakula, unaotolewa kwa alama ya kidole, ukimpita. Ripoti za uhakiki zinapaswa kuwahesabu peke yao waliofika wakakosa kulinganishwa, mbali na wasiofika kabisa.